Abbas bin Firnas, Aliyeruka Akasahau Mkia

Jumapili moja ya msimu wa kusi mjukuu wangu alinijia barazani amekumbatia boksi. Ndani mlikuwa na ndege ndogo isiyo na injini, ya kuelea tu, ambayo mjomba wake alimletea kutoka Dubai. Ndege hiyo huongozwa kwa redio: aliye chini hushika kidude chenye vijiti viwili, akavisukuma na kuvivuta, na mkia wa ndege ukatii. Mtoto alikuwa na haraka. Alipanda juu ya dari, akaitupa kwa nguvu zake zote kuelekea mawinguni. Ilipanda kidogo, ikasita, kisha ikageuza pua chini ikajipigiza uani, karibu na mama yake aliyekuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Alhamdulillahi, haikumpata mtu.

Nilimwita nikamketisha, nikamwuliza kama amepata kusikia habari za Abbas bin Firnas. Akanijibu kwamba anamjua sana: ndiye Mwislamu wa kwanza kuruka angani, akaelea kwa dakika kumi. Nikatambua kuwa amepewa nusu ya kisa. Na kwa vile nimekutana na watu wazima wengi walio na nusu hiyo hiyo, leo naomba ruhusa ya msomaji nikisimulie mpaka mwisho wake, ambao ndio wenye manufaa.

Abbas alikuwa mtu wa Andalus, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Hispania. Asili yake ilikuwa ya Kiberberi, na alizaliwa upande wa Ronda, kusini mwa nchi hiyo, yapata mwaka 810. Maisha yake aliyamalizia katika mji wa Cordoba, makao ya maamiri wa ukoo wa Banu Umayya. Amiri Abdulrahman wa Pili alitawala huko tangu 822 hadi 852, na baada yake mwanawe Muhammad hadi 886. Abbas aliyaona majumba ya wote wawili. Ndizo zama za Ziryab, yule mwimbaji aliyetoka Baghdad, na Cordoba ilikuwa mji wa vitabu, bustani na watu wenye ulimi.

Kwanza kabisa Abbas alikuwa mshairi. Jambo hili wengi hulipita haraka, lakini sisi watu wa Pwani, tunaojua uzito wa vina na mizani, hatuna budi kulisimamia kidogo. Inasimuliwa kwamba elimu ya mizani ya mashairi aliyoitunga Khalil bin Ahmad wa Basra ilipofika Andalus, watu waliitazama wasiielewe, na Abbas ndiye aliyeifumbua. Nionavyo mimi, mtu aliyeweza kuvunja ubeti akaona mifupa yake ndiye huyo huyo aliyemtazama ndege akataka kujua mifupa ya kuruka kwake.

Kazi za mikono yake zilikuwa nyingi. Husemwa kuwa ndiye wa kwanza kutengeneza kioo kwa mawe katika nchi ile. Alimtengenezea amiri chombo cha kupimia wakati, cha kuwafaa watu hata jua na nyota zikifichwa na mawingu, na kila mwenye kuchunga nyakati za sala atajua thamani ya chombo hicho. Nyumbani kwake alijenga chumba chenye mfano wa mbingu. Mgeni akiingia, aliona nyota na mawingu, na umeme ukimulika huku radi zikinguruma. Mtu wa namna hiyo hakosi maadui. Mshairi mwenzake, Mumin bin Said, alimwandama kwa mashairi ya dhihaka, na ajabu ni kwamba beti la mpinzani huyo kuhusu kuruka kwa Abbas ni miongoni mwa ushahidi uliotufikia kwamba aliruka kweli.

Habari ya kuruka kwenyewe ni fupi. Tunaipata kwa al-Maqqari, mwanachuoni wa Tlemcen aliyefariki mwaka 1632, aliyekusanya maandishi ya waliomtangulia kuhusu Andalus. Abbas alijivika manyoya mwilini, akajifanyia mabawa mawili, akapanda mahali pa juu akajiachia hewani. Wengi hukadiria ilikuwa yapata mwaka 875, naye ni mzee wa miaka zaidi ya 60. Fikiria, msomaji: umri ambao wengi wetu tunashikwa mkono kushuka ngazi! Akaenda masafa si haba, kama ndege. Lakini hakutua vizuri, akaumia mgongo. Mwandishi anaitaja sababu waziwazi: Abbas hakuzingatia kwamba ndege anapotua hutumia mkia, wala yeye hakujitengenezea mkia.

Basi, habari yote ndiyo hiyo. Zile dakika kumi al-Maqqari hazitaji. Wako pia wanaosimulia habari ya mtu aitwaye Armen Firman, aliyeruka Cordoba mwaka 852 kwa joho pana, na wengine wanaona kuwa jina hilo ni la Abbas huyu huyu lililoharibika katika ndimi za Kilatini. Mimi sioni haja ya kumwongezea mzee wetu dakika wala kumzidishia miruko. Mruko mmoja na mgongo ulioumia vyatosha.

Kwa nini mkia? Mjukuu wangu aliniuliza hivyo, na nilimjibu kwa tiara. Kila mtoto wa Mombasa aliyerusha tiara anajua kwamba ukiikata mkia itazunguka kichwa chini mpaka ikwame kwenye mnazi. Kazi za mikia hii miwili si sawa kabisa, lakini zinakaribiana. Bawa lililopinda, likiwa peke yake hewani, halitulii. Hutaka kubiringika mbele. Mkia ulio nyuma hulishika kama usukani unavyoshika jahazi, pua isizame wala isiinuke kupita kiasi. Na wakati wa kutua, mkia ndio breki. Mtazame kunguru anapofika ukutani: hutandaza mkia, akainua kifua, mabawa yakapokea upepo kwa upana wake wote, mwendo ukafa, na miguu ikagusa ukuta taratibu. Abbas alikuja na mwendo wake mzima, asiwe na cha kuuvunja isipokuwa ardhi.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba somo hilo halikusafiri. Mwanzoni mwa karne ya 11, huko Nishapur, al-Jawhari, yule mtungaji wa kamusi mashuhuri ya Kiarabu iitwayo al-Sihah, alijifunga mabawa ya mbao akajirusha kutoka juu ya paa la msikiti. Alikufa. Wanafunzi wa lugha ya Kiarabu wanamjua kwa kamusi yake, na wachache wanajua alivyokufa. Katika zama zizo hizo, mtawa mmoja wa Uingereza aitwaye Eilmer aliruka kutoka mnara wa Malmesbury, akaenda kiasi cha mita 200, akavunjika miguu yote miwili. Akabaki kiguru maisha yake yote, na mwenyewe alikuwa akieleza kwamba kosa lake ni kusahau mkia. Cordoba na Malmesbury, Mwislamu na Mkristo, zaidi ya miaka 100 kati yao, na kosa ni lile lile kama kwamba walisoma chuo kimoja.

Wote hao walikosa jambo moja, nalo ndilo alilokuwa nalo mjukuu wangu ndani ya boksi. Walijaribu mara ya kwanza kwa miili yao. Ilipofika mwaka 1804, Mwingereza George Cayley alichukua tiara, akaifunga kwenye fimbo ikawa bawa, nyuma akatia mkia unaoweza kurekebishwa, na mbele akaweka uzito wa kusogezwa ili kupata mizani. Urefu wake wote ulikuwa kiasi cha mita moja na nusu. Akawa akikirusha kidude hicho akitazama kinavyoshuka. Kikianguka, hakuna mfupa uliovunjika. Nasema wazi kwamba lau Abbas angalitengeneza mfano mdogo akaurusha mara 20 kabla ya kujivika manyoya, huenda angaliuona upungufu wa mkia akiwa bado amesimama kwa miguu yake.

Hata mkia, hata hivyo, hauondoi hatari yote. Mjerumani Otto Lilienthal alikuwa na mkia mzuri, akaruka zaidi ya mara 2,000 kuanzia 1891. Tarehe 9 Agosti 1896 ndege yake ilipoteza mwendo hewani, mabawa yakaacha kubeba, akaanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi, akafariki kesho yake. Hilo ndilo lililoisibu ndege ya mjukuu wangu juu ya dari: pua ilielekezwa juu mno, mwendo ukaisha, bawa likaishiwa nguvu.

Kwa hiyo siku ya pili, baada ya gundi kukauka, tulitoka wawili kwenda kwenye uwanja wa majani, mbali na nyumba, waya za umeme na watoto wanaocheza. Kwanza nilimtaka ainue ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Ikawa inaketi kwa mkia. Uzito ulikuwa umerudi nyuma, kwa sababu betri haikusukumwa mahali pake puani. Tukairekebisha mpaka ikalala sawa, pua imeinama kidogo tu.

Kisha redio. Huwashwa kwanza kile cha mkononi, ndipo ndege, na wakati wa kuzima ni kinyume chake, ili ndege isibaki hata kidogo bila bwana. Nilimwambia asimame nyuma ya ndege atazame: akivuta kijiti kwake, ukingo wa nyuma wa mkia uinuke, akisukuma kulia, usukani uende kulia. Mara nyingi fundi hufunga waya kinyume, na mtu hugundua ndege ikiwa tayari hewani. Nikaishika mimi, yeye akaenda hatua nyingi mbali na kidude chake, na mkia ukaendelea kutii bila kutetemeka.

Alipotaka kuitupa tena kuelekea mbinguni nilimshika mkono. Ndege ya kuelea hutupwa kama mkuki wa kulenga shina la mti: sawa na ardhi, au pua chini kidogo, ikikabili upepo. Haitupwi mgongo ukiwa kwa kusi hata siku moja, kwani bawa linahitaji upepo wa kuja mbele. Akatupa. Ikaenda, ikashuka polepole, na ilipokaribia majani akasahau kuvuta kijiti, ikajikuna pua. Akatupa tena, na tena.

Akaniuliza Abbas alikuwaje baada ya kuanguka. Nikamwambia kwamba aliishi miaka kama 12 zaidi, akafariki mwaka 887. Wairaki walimwekea sanamu yenye mabawa kwenye njia iendayo uwanja wa ndege wa Baghdad. Mwaka 1976 shimo moja kubwa la mwezi, upande ule usioonekana kutoka duniani, lilipewa jina lake, na mwaka 2011 mji wa Cordoba ulifungua daraja liitwalo kwa jina hilo juu ya mto Guadalquivir. Mtoto akataka kujua kama sanamu hiyo ina mkia. Nikacheka, nikamwambia atazame picha yake mwenyewe.

Magharibi ilikuwa inakaribia tulipojaribu mara ya mwisho. Akaitupa sawasawa, ikapita juu ya majani bila kuyumba, na ilipobaki kimo cha goti akavuta kijiti taratibu. Mkia ukashuka, pua ikainuka kidogo, mwendo ukaisha wenyewe, na ndege ikaketi majanini. Akaikimbilia, akazima ndege kwanza, ndipo akazima kidude cha mkononi, na tukashika njia ya msikitini.