Mtu Aliyeandika Kila Senti



Kabla sijaitwa kwa utumishi nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa kwamba katika hesabu za kampuni kuna kiasi kidogo mno kisichostahili kumsumbua mkaguzi. Kinaachwa tu. Kusema ukweli, kanuni hiyo niliingia nayo mpaka kwenye maombi. Nilimshukuru Mungu kwa makubwa, madogo nikayaacha nje ya kitabu. Aliyenirekebisha ni mtu aliyelala zaidi ya miaka 100 iliyopita, George Müller.

Müller alizaliwa mwaka 1805 huko Prussia, sehemu ambayo leo ni Ujerumani. Usifikiri alianza akiwa mtakatifu. Babake alikuwa mkusanya ushuru, na kijana huyu alikuwa anaiba zile pesa za serikali. Akiwa na miaka 16 alitiwa jela kwa kukaa hotelini bila kulipa. Hata alipoingia Chuo Kikuu cha Halle kusomea uchungaji, ulevi na uongo aliingia navyo. Lakini mwaka 1825 rafiki yake alimpeleka kwenye ushirika wa nyumbani. Hapo akamwona mtu akipiga magoti kuomba, kitu ambacho hakuwahi kuona. Maisha yake yakageuka.

Mwaka 1829 alihamia Uingereza. Mwaka uliofuata, muda mfupi baada ya kumwoa Mary Groves, aliukataa mshahara wa kanisa. Aliamua kumwambia Mungu peke yake mahitaji yao. Mwaka 1836 akafungua nyumba ya watoto yatima mjini Bristol.

Sasa, hapa ndipo niliposhikwa. Zawadi za kwanza kwa nyumba ile hazikuwa hundi nene. Zilikuwa sahani, vikombe, visu, uma. Wengine walileta peni moja moja. Müller aliandika kila kitu na kukichapisha katika ripoti zake. Hakuacha uma hata mmoja. Kwake kila kitu kilitoka mkononi mwa Bwana, na mkono huo ukikupa kijiko bado ni ule ule.

Miaka mingine ilikuwa migumu. Kulikuwa na siku ambazo chakula cha mchana kilikuwepo na cha jioni hakijulikani kitatoka wapi. Inasimuliwa sana kwamba asubuhi moja watoto walisimama mezani, sahani zikiwa tupu, na Müller akatoa shukrani. Mara mwokaji akabisha akiwa na mikate, kwa sababu usiku alikosa usingizi akiwafikiria. Kisha muuza maziwa naye akaja, mkokoteni wake umeharibika hapo nje.

Wengi tunapenda mwisho wa hadithi hiyo, mikate ikifika. Lakini angalia mwanzo wake. Shukrani ilitolewa wakati sahani ni tupu. Na je, mikate isingefika?

Jibu naliona mwaka 1870. Mary, mke wake wa karibu miaka 40, aliaga dunia. Müller alikuwa ameomba, na hakupewa alichotaka. Hata hivyo ni yeye mwenyewe aliyehubiri kwenye mazishi, akitumia Zaburi 119:68. Alisema Bwana alikuwa mwema kwa kumpa Mary, mwema kwa kumwacha naye miaka ile yote, na mwema kwa kumchukua. Mtu hawezi kujifunza kushukuru namna hiyo siku ya msiba. Nafikiri alikuwa amejifunza kwenye zile peni na uma, mwaka baada ya mwaka.

Alipofariki tarehe 10 Machi 1898, akiwa na miaka 92, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamepitia mikononi mwake, na zaidi ya pauni milioni 1 pia. Mali aliyoacha haikufika pauni 200. Kwa masomo yangu ya biashara, hiyo ni hasara. Kwa mbingu, sidhani.

Wapendwa, tazameni muda wetu wa ushuhuda. Tunasimama kwa ajili ya viza, gari, kazi mpya. Ni sawa, Mungu apewe utukufu. Lakini yule mama aliyeuza mboga wiki nzima akapata unga wa jioni, mbona anabaki ameketi? Amedhani yake ni ndogo. Sisi tumemfundisha hivyo, na mimi ni wa kwanza kutubu.

Wiki hii chukua daftari ya kawaida. Kila jioni andika vitu vitatu: maji yaliyotoka mferejini, mtoto aliyerudi salama kutoka shule, jirani aliyekukopesha chumvi. Soma 1 Wathesalonike 5:18, kisha uvitaje mbele za Bwana kimoja kimoja. Jumapili njoo na hiyo daftari. Tutaanza ushuhuda na walio na madogo.

Mungu awabariki.