Hayati Sokoine na Maduka Matupu

Hayati Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, akawa Waziri Mkuu mara mbili: tangu 1977 hadi 1980, na tena tangu 1983. Siku hizo nchi yetu ilishika ujamaa, walakini maduka yalikuwa matupu, na walanguzi walificha bidhaa wapate kuziuza kwa bei ya kuumiza. Mwaka 1983 Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi. Mali nyingi ilifichuliwa. Lakini wengine walikamatwa pasipo hatia, wala msako haukuondoa uhaba.

Tarehe 12 Aprili 1984, akirudi kutoka Bungeni Dodoma, alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro. Mwaka huo huo Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na chini ya milima ya Uluguru Chuo Kikuu cha Kilimo kikapewa jina lake.

Wasomaji wapenzi, vyama vinapobishana juu ya ujamaa na ubepari, tukumbuke: ghala la umma bila jasho la mkulima ni tupu, na soko huria bila uaminifu humnyonya maskini. Basi, aombaye kura zetu tumpime kwa yote mawili.