Mama Mary McLeod Bethune: Aliyeanza Shule kwa Dola Moja na Nusu



Katika kurasa zilizotangulia mmesoma tulikotoka, tangu siku ile tulipokaa chini ya mwembe na daftari moja la mahesabu. Sisi wa kamati ya kijitabu tumeona tuwaletee pia maisha ya mama mmoja wa mbali, marehemu wa siku nyingi, ambaye jina lake linajulikana sana kwao Marekani.

Tumemchagua kwa sababu. Kila mwaka wakati wa mgao ukifika, huwa linazuka swali lile lile kuhusu mfuko wetu wa elimu na matibabu. Mwanachama ambaye watoto wake wamekwisha kua, na yeye mwenyewe haumwi, anauliza hizo fedha zinamsaidia nini, si bora tugawane tu? Swali hilo si la ubaya, na mkutano mkuu wa mwaka huu utalijadili. Basi kabla hatujapiga kura, tusome habari za mama huyu.

Alikotoka

Mary alizaliwa tarehe 10 Julai 1875, karibu na mji mdogo wa Mayesville, jimbo la South Carolina. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka kumi tu nyuma yake. Baba yake Samuel na mama yake Patsy walikuwa watumwa, na hata kaka na dada zake wakubwa walizaliwa utumwani. Yeye alikuwa mtoto wa 15 kati ya watoto 17. Familia ilipata kashamba kao wenyewe, na Mary tangu mdogo alichuma pamba pamoja na wenzake.

Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba siku moja alimsindikiza mama yake kazini kwa wazungu, akaokota kitabu cha mtoto wa nyumba ile. Mtoto akamwamuru akiweke chini, kwa vile eti watu weusi hawajui kusoma. Maneno yale yalimkaa moyoni. Akaona kwamba tofauti kati yake na yule mtoto ni kusoma tu.

Alipofikia miaka kama kumi, shule ya misheni ya watoto weusi ilifunguliwa Mayesville. Wazazi hawakuweza kuwapeleka wote, wakamtoa Mary. Alitembea maili kama tano kwenda na tano kurudi, na jioni aliwafundisha wa nyumbani aliyojifunza mchana.

Elimu ile ingeishia pale, maana ada ya kuendelea haikuwepo. Hapo ndipo akajitokeza mama mmoja wa mji wa Denver, mbali kabisa, aitwaye Mary Crissman. Huyu hakuwa tajiri, alikuwa fundi wa kushona nguo. Aliweka akiba katika mapato ya cherehani yake ili mtoto mmoja mweusi asome, mtoto ambaye hakumjua wala hakuwa ndugu yake. Mwalimu wa Mayesville akamchagua Mary. Wanachama wenzetu, mkumbukeni huyu fundi, tutarudi kwake.

Kunyimwa kuja Afrika

Baada ya sekondari Mary alisoma chuo cha dini huko Chicago. Shabaha yake ilikuwa kuja Afrika kuwa mmisionari. Alipoomba, wakubwa wa kanisa walimjibu kwamba huku hakuna nafasi kwa wamisionari weusi. Jibu lile lilimuumiza sana. Akarudi kufundisha watoto wa kwao. Mwaka 1898 akaolewa na Albertus Bethune, wakapata mtoto mmoja wa kiume.

Shule ya makasha

Mwaka 1904 alihamia Daytona, Florida, ambako watu weusi wengi walikuwa wamekuja kutafuta kibarua cha kujenga reli, na watoto wao walikuwa wanazurura bila shule. Mfukoni alikuwa na dola 1.50. Nyumba aliyoitaka ilikuwa ya kukodi kwa dola 11 kwa mwezi. Sasa hesabu hiyo wewe ipige mwenyewe! Hata hivyo tarehe 3 Oktoba mwaka ule alifungua shule, akiwa na wasichana watano na mwanawe.

Makasha yaligeuzwa meza. Vijiti vilivyoungua vikawa penseli, na maji ya matunda ya porini yakawa wino. Magodoro yalijazwa majani yanayoning'inia kwenye miti ya kule. Fedha alizipata kama tunavyozipata sisi: kwa kupika. Alioka pai za viazi vitamu, akauza pamoja na aiskrimu na samaki wa kukaanga kwa wafanyakazi wa reli. Alipotaka kiwanja, alichagua jalala la mji kwa sababu ndilo aliloliweza. Dola tano za kutanguliza alimpelekea mwenye nalo zikiwa sarafu ndogo ndogo zimefungwa kwenye leso. Mwaka 1907 jengo la kwanza likasimama hapo.

Mzigo huo aliubeba zaidi peke yake, maana mumewe aliondoka na hakurudi tena. Baadaye matajiri wazungu walichangia, lakini walianza kuchangia pale walipoiona kazi imekwisha kuanza.

Msichana aliyelazwa barazani

Mwaka 1911 mwanafunzi mmoja alishikwa na kidole tumbo. Hospitali ya karibu ya watu weusi haikuwepo. Mama Bethune akaenda kuwabembeleza wa hospitali ya wazungu, wakakubali kumpasua. Alipokwenda kumtazama alikuta msichana wamemlaza nje, kwenye baraza la nyuma karibu na jiko, eti wodini hapafai mtu mweusi.

Alirudi na uchungu, lakini hakuishia kulalamika. Mwaka ule ule alifungua hospitali katika nyumba ndogo karibu na shule. Ilikuwa na vitanda viwili tu, akaiita McLeod kwa jina la wazazi wake. Vitanda vikaongezeka hadi kupita 20, na wasichana wakafundishwa uuguzi hapo hapo. Mafua makali ya mwaka 1918 yalipokuja, wagonjwa walikuwa na pa kulala na wauguzi wa kuwahudumia.

Hapa tunajifunza kitu. Shule peke yake haikutosha. Unaweza ukamlipia binti ada miaka saba, akaja kupotea kwa kukosa tiba ya siku moja.

Kura na heshima

Wanawake wa Marekani walipata haki ya kura mwaka 1920. Mama Bethune aliwafundisha watu weusi kusoma ili waweze kujiandikisha, akakusanya na fedha za kodi iliyotakiwa kwa mpiga kura. Watu wa Ku Klux Klan wakaja usiku na mashuka yao meupe kutisha shule. Hakukimbia, na watu wakaenda kupiga kura.

Mwaka 1923 shule yake iliungana na Cookman ya Jacksonville, baadaye ikawa chuo, na tangu 2007 ni chuo kikuu. Mwaka 1935 aliunganisha vyama vya wanawake weusi katika baraza moja la taifa. Rais Roosevelt akampa madaraka ya kusimamia misaada ya vijana weusi. Mwaka 1945 alikuwepo San Francisco Umoja wa Mataifa ulipoanzishwa.

Na Afrika je? Alifika. Mwaka 1952, akiwa na miaka 76, serikali yake ilimtuma Liberia kwenye sherehe ya kuapishwa Rais Tubman. Alifariki tarehe 18 Mei 1955, akazikwa kwenye uwanja wa chuo chake. Mwaka 2022 sanamu yake iliwekwa katika jengo la bunge la Marekani kuwakilisha jimbo la Florida.

Turudi kwenye mfuko wetu

Wanachama wenzetu, yule fundi wa Denver angeweza kuuliza mtoto wa Mayesville anamhusu nini. Angekula senti zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini shule, hospitali na chuo, vyote vilipitia kwenye cherehani yake.

Sisi kamati hatumlazimishi mtu. Tunaomba tu kila mmoja afike mkutano mkuu na kitabu chake cha hisa, na kabla ya kunyoosha mkono amfikirie binti mmoja wa kijijini kwetu ambaye si wake.