Mtakatifu Hildegard na Kipandauso

Mtakatifu Hildegard wa Bingen alizaliwa Ujerumani mwaka 1098, mtoto wa kumi kwa wazazi wake. Tangu utotoni aliugua mara kwa mara, na aliona mwanga ambao wenzake hawakuuona. Alipotambua kuwa anauona peke yake, akanyamaza. Alilelewa na mtawa Jutta katika monasteri ya Disibodenberg, na Jutta alipofariki mwaka 1136, masista walimchagua Hildegard awaongoze.

Akiwa na miaka 42 alijua kwamba Mungu anamtaka ayaandike aliyoyaona. Akasita, akaugua hata kulala kitandani. Alipoanza kuandika, nguvu zikamrudia. Alieleza kwamba maono hayamjii usingizini, bali akiwa macho kabisa: nyota zinazong'aa zikianguka na kuzimika, miduara ya mwanga, kuta zenye ncha kama za ngome.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanahistoria wa tiba Charles Singer aliona humo dalili za kipandauso. Wapo wanaompinga, kwani marehemu wa miaka mia nane hapimwi. Lakini dalili zenyewe ni za kweli. Kabla ya kichwa kuuma, wengine huona mistari ya kupindapinda inayometameta, hufa ganzi mkono na mdomo, au hukosa maneno. Yapo pia maumivu makali ya nyuma ya jicho moja: jicho huwa jekundu na kutoa machozi, kope hulegea, pua huziba upande huohuo, na mgonjwa huzungukazunguka asiweze kutulia.

Huku Kibiti na delta ya Rufiji, mtu kama huyo huweza kuambiwa ana jini, apungwe au aombewe. Aombewe, ndiyo, lakini afike hospitali. Na ganzi ikimshika ghafla kwa mara ya kwanza asicheleweshwe, maana kiharusi nacho huanza hivyo. Hildegard mwenyewe, aliyeandika pia juu ya magonjwa na mitishamba, alikihesabu kipandauso kuwa ugonjwa wa mwili. Alisema hushika nusu ya kichwa kwa kuwa kingeshika chote, mtu asingestahimili. (Sababu aliyoitaja, nyongo nyeusi, daktari wa leo haikubali.)

Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa tarehe 7 Oktoba 2012. Ugonjwa haukumwacha hadi uzeeni, naye alisafiri kuhubiri, akaanzisha monasteri ya pili Eibingen, na kuvuka mto Rhine kwa mashua mara mbili kwa wiki kuwatazama masista wake. Alifariki tarehe 17 Septemba 1179.