BLASIO KIGOZI: KIJANA ALIYELIAMSHA KANISA



Tunapoadhimisha jubilei ya kwaya yetu, tumeona vyema kukumbuka jubilei nyingine iliyofanyika jirani, miaka mingi kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka wa 1937 Kanisa la Anglikana la Uganda lilitimiza miaka 60 tangu wamishenari wake wa kwanza wafike kwa Kabaka Mutesa mwaka wa 1877. Kanisa hilo lilikuwa na mengi ya kujivunia. Lilikuwa na mashahidi wake, wale vijana waliochomwa moto Namugongo mwaka wa 1886 kwa sababu ya jina la Yesu. Lilikuwa na kanisa kuu juu ya kilima cha Namirembe, shule zilizojaa watoto, hospitali, wachungaji Waafrika na maelfu ya waliobatizwa. Ilikuwa rahisi kupiga vigelegele na kukata shauri kwamba kazi imekwisha.

Lakini kabla ya sherehe hizo kufika, shemasi mmoja kijana alikuwa ameuliza maswali matatu yaliyowanyima viongozi usingizi. Jina lake ni Blasio Kigozi. Yeye mwenyewe hakuiona jubilei hiyo. Hata hivyo, maswali yake ndiyo yaliyoifanya iwe jubilei ya kweli.

Nyumbani na ndugu yake

Blasio alizaliwa Buganda, katika nyumba ya chifu, karibu mwaka wa 1909. Kaka yake mkubwa alikuwa Simeoni Nsibambi, mtu aliyekuwa na kazi nzuri katika idara ya afya ya serikali huko Kampala. Nsibambi alikuwa Mkristo na mshahara wake ulitosha, lakini moyoni alijua kwamba kuna kitu anapungukiwa.

Mnamo Septemba 1929, pale Namirembe, Nsibambi alikutana na daktari mmishenari Mwingereza, Joe Church. Daktari huyo alikuwa ametoka Gahini, Rwanda, ambako njaa kali ilikuwa imeua watu wengi, na alikuwa amechoka mwili na roho. Wawili hao walikaa pamoja siku mbili, wakafungua Biblia, wakatafuta inafundisha nini juu ya Roho Mtakatifu, kisha wakapiga magoti. Mmoja alikuwa mwajiriwa wa serikali na mwingine daktari, mmoja mweusi na mwingine mweupe, nyakati ambazo watu wa namna hiyo hawakuzoea kuombeana kama ndugu. Muda si mrefu Nsibambi aliiacha kazi yake, akaanza kuwashuhudia watu barabarani na milangoni mwa makanisa.

Mmoja wa wale walioguswa na maisha ya Nsibambi alikuwa mdogo wake, Blasio. Alikubali kuiacha Buganda yenye neema akaenda Gahini kuwa mwalimu. Kwa kijana wa Kiganda wa siku zile, hiyo haikuwa kupanda cheo. Rwanda ilikuwa mbali, lugha ilikuwa ngeni, na nchi ilikuwa bado inaponya majeraha ya njaa.

Gahini: bidii bila matunda

Gahini iko juu ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Misheni ilikuwa na hospitali, shule na kanisa. Blasio alifundisha, akasomea uchungaji, akawekwa wakfu kuwa shemasi, na akakabidhiwa chuo cha kuwaandaa wainjilisti. Hakuwa mvivu hata kidogo.

Lakini bidii peke yake haikuzaa alichokitarajia. Waumini waliongezeka kwenye daftari, na bado wizi, ulevi, uzinzi, chuki na ushirikina viliendelea kimyakimya ndani ya kanisa. Hata kati ya watumishi wa misheni kulikuwa na manung'uniko: wa hospitali na wa shule, wenyeji na wageni, Waafrika na wamishenari. Watu waliimba pamoja Jumapili na kusemana Jumatatu.

Mwaka wa 1935 Blasio aliona hawezi kuendelea hivyo. Hakuitisha mkutano wa kulaumu wengine. Aliingia chumbani, akajifungia wiki nzima, akaomba na kusoma Neno. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya kanisa bali juu yake mwenyewe: kwa nini huduma yangu haina nguvu?

Alipotoka, walioishi naye walimwona kuwa mtu mwingine. Mahubiri yake yakawa mafupi na makali, na yaliingia moyoni. Hakuzunguka. Alitaja dhambi kwa jina lake, kisha akaonyesha Msalaba, mahali ambapo dhambi hiyo huoshwa. Watu walianza kutubu waziwazi. Walioiba walirudisha walichoiba. Waliokuwa hawasalimiani walitafutana.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo ulifanyika mkutano mkubwa wa kiroho Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Kundi la Gahini lilikuwa nyuma yake, pamoja na Nsibambi na Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, ambaye naye alikuwa ameokoka baada ya miaka ya kuwa Mkristo wa jina tu. Kutoka Kabale moto ulisambaa vijijini. Watu wakaanza kuwaita hao Balokole, yaani waliookoka. Wengine waliwaita hivyo kwa heshima, wengine kwa dhihaka.

Maswali matatu

Januari 1936 Blasio aliondoka kwenda Kampala kuhudhuria sinodi ya kanisa. Njiani alihubiri Mbarara, na huko pia watu wengi wakatubu. Mkobani alibeba mambo matatu aliyotaka kuyaweka mbele ya askofu na wajumbe.

La kwanza, ni nini kimelifanya kanisa kuwa baridi na kukosa uhai? La pili, kwa nini watu wanaoishi katika dhambi inayojulikana na kila mtu wanaachwa kukaribia Meza ya Bwana kana kwamba hakuna neno? La tatu, tufanye nini ili uamsho uje?

Neno lake kuu lilikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, maana yake amka.

Hakupata nafasi ya kusimama mbele ya sinodi. Alipofika Kampala alishikwa na homa inayoletwa na papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo. Siku chache baadaye, mwezi huohuo wa Januari 1936, alifariki. Hakuwa ametimiza miaka 30.

Kwa macho ya kibinadamu mambo yalikuwa yameishia hapo. Lakini Askofu Cyril Stuart aliyachukua maswali ya kijana huyo aliyekufa na kuyaweka mbele ya sinodi. Viongozi wakaamua kwamba maandalizi ya jubilei ya miaka 60 yasiwe ya majengo na karamu tu, bali yawe mwito wa toba katika kanisa lote. Vikundi vya wahubiri vilitumwa, na neno Zukuka likaenda kila mahali. William Nagenda, kijana msomi ambaye mke wake na mke wa Nsibambi walikuwa dada, aliiacha kazi ya serikali akaenda Gahini kushika pengo la Blasio. Baadaye alihubiri uamsho huo katika nchi nyingi.

Moto unavuka mpaka

Mwaka wa 1937 kikundi cha uamsho kilifika Kabete, karibu na Nairobi, na mwaka uliofuata kikafika Maseno, hapa kwetu Nyanza. Kutoka huko ushirika wa ndugu uliingia wilaya baada ya wilaya na dhehebu baada ya dhehebu. Wakati wa hali ya hatari miaka ya 1950, ndugu wengi wa Kenya ya Kati walikataa kula kiapo na pia walikataa kushika bunduki, na baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo.

Si kila kitu kilikuwa laini. Mwaka wa 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya msimamo wao wa uamsho. Wapo pia ndugu waliokuwa wepesi wa kuhukumu wenzao. Hata hivyo, walio wengi hawakuanzisha dhehebu lao. Walibaki ndani ya makanisa yao, wakayapenda, na kuyaombea. Blasio alikuwa amewaonyesha njia hiyo: maswali yake aliyapeleka kwenye sinodi ya kanisa lake, hakuyapeleka nje.

Na sisi wanakwaya tusisahau kwamba uamsho huu ulisafiri kwa wimbo. Mtu alipomaliza kushuhudia, ndugu waliitikia Tukutendereza, wimbo wa sifa wa Kiganda. Mpaka leo, katika mazishi na mikutano, utawasikia watu wasiojua neno lingine lolote la Kiganda wakiuimba kwa machozi. Wimbo huo haukuhitaji kinanda wala sare. Nguvu yake ilitoka kwa waimbaji waliokuwa wamesamehewa na kusameheana.

Funzo kwa jubilei yetu

Injili ina historia ndefu katika vilima vyetu. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka wa 1911, Waadventista wakafika Nyanchwa mwaka wa 1912, na Walutheri wakaanza Itierio mwaka wa 1948. Leo huwezi kutembea kutoka Suneka mpaka Nyansiongo bila kupita makanisa mengi na kusikia kwaya zikifanya mazoezi. Hatuna upungufu wa nyimbo. Swali la Blasio linatufaa sana: uhai upo?

Wakulima wa majani chai wa Nyamira wanalijua jambo hili. Mmea wa chai ukiachwa bila kukatwa hurefuka na kuonekana mkubwa, lakini majani machanga ya kuchuma hupungua. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache mkulima huukata. Kwa wiki kadhaa shamba huonekana kama limeharibiwa, matawi matupu, na mapato hakuna. Kisha machipukizi huja kwa wingi. Toba ni kukatwa kwa namna hiyo. Inauma, na mtu huonekana amepungua mbele ya wenzake. Lakini hakuna njia nyingine ya kupata machipukizi.

Katika Walawi 25, mwaka wa jubilei ulianza kwa tarumbeta iliyopigwa Siku ya Upatanisho. Yaani watu walipatanishwa na Mungu kwanza, ndipo wakafurahi. Baada ya hapo mtumwa akaachiliwa, na shamba likarudi kwa mwenyewe. Basi na sisi, kabla keki haijakatwa, tujiulize kama Blasio alivyojiuliza chumbani mwake, kila mmoja akianza na nafsi yake:

Je, yuko mwanakwaya mwenzangu ambaye sauti zetu hupatana na mioyo yetu haipatani?

Je, kuna fedha, mali au neno baya ambalo natakiwa kurudisha au kuliombea msamaha?

Je, yule aliyeacha kuja kwaya kwa sababu ya maneno yetu, nimemtembelea nyumbani kwake?

Je, mara ya mwisho nilipojifungia kuomba kwa ajili ya huduma hii, na si kwa ajili ya mahitaji yangu tu, ilikuwa lini?

Tunapendekeza kila sauti, soprano, alto, tena na besi, ichague jioni moja katika juma hili la jubilei iketi pamoja kuyajibu maswali haya mbele za Mungu, bila haraka na bila kunyosheana vidole. Blasio alikuwa na muda mfupi, na alichofanya nao kinaendelea kuzaa. Sisi bado tuko hai, na Bwana hajachoka kutuhuisha.

Mungu awabariki waanzilishi wa kwaya hii, awapumzishe wale waliotangulia, na atupe sote moyo mpya pamoja na wimbo mpya. Amina.