William Shakespeare katika Madaftari ya Parokia

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili humjua William Shakespeare hasa kupitia tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Kazi zake ni nyingi, ila habari za maisha yake ni haba. Hakuacha shajara, wala haijapatikana barua hata moja aliyoiandika. Anayetaka kuufuatilia ukoo wake hana budi kuanzia katika madaftari ya parokia.

Madaftari hayo yalitokana na amri ya mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry wa Nane, iliyomtaka kila kasisi aandike ubatizo, ndoa na maziko ya parokia yake. Daftari la Kanisa la Utatu Mtakatifu, Stratford-upon-Avon, linaanzia 1558. Humo, tarehe 26 Aprili 1564, ameandikwa kwa Kilatini mtoto Gulielmus, mwana wa John Shakespeare. Hiyo ni siku ya kubatizwa, si ya kuzaliwa. Tarehe 23 inayoadhimishwa ni makisio tu, ingawa vitabu vya mwongozo huitaja kana kwamba mkunga aliiandika. Isitoshe, kinachosomwa leo ni nakala iliyofanywa mnamo 1600 hivi, kumbukumbu za awali zilipoamriwa zihamishiwe kwenye kurasa za ngozi. Julai ya 1564 daftari linaarifu kuwa tauni imeingia mjini. Kabla ya mwaka kwisha, watu zaidi ya 200 walizikwa. Mtoto yule mchanga alinusurika.

Ndoa yake haimo Stratford. Inatajwa katika kumbukumbu za askofu wa Worcester, nazo zinatatiza. Tarehe 27 Novemba 1582 bi harusi ameandikwa Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake, katika hati ya dhamana ya pauni 40, ni Anne Hathwey wa Stratford. Wapo waliobuni kisa kizima cha wanawake wawili kutokana na tofauti hiyo. La kuaminika zaidi ni kwamba karani aliteleza kalamu. Susanna alibatizwa tarehe 26 Mei 1583, miezi sita tu baadaye. Daftari halielezi lolote.

Pacha, Hamnet na Judith, walibatizwa Februari 1585. Tarehe 11 Agosti 1596 Hamnet, mwana wa pekee wa kiume, alizikwa akiwa na umri wa miaka 11. Mstari mmoja tu, bila sababu ya kifo wala neno la msiba. Baba alizikwa tarehe 25 Aprili 1616.

Judith alizaa wana watatu, wote wakafa bila kuacha watoto. Elizabeth, binti wa pekee wa Susanna, alifariki mwaka 1670, naye hakuwa na mtoto. Hivyo anayedai leo kuwa ametokana na Shakespeare mwenyewe hana pa kushika katika madaftari hayo. Uzao ulioendelea ni wa dada yake Joan, mke wa William Hart, mtengeneza kofia.