Dokta Adrian Atiman: Mtoto wa Mto Niger Aliyezeekea Karema



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mseminari mpya akifika na sanduku lake, jina lake si jambo la kwanza tunalomuuliza. Tunamuuliza anatoka wapi na ni kabila gani. Akijibu tu, tumeshamweka mahali pake. Wanyaturu watamvuta upande wao, Wanyiramba upande wao, Wagogo na Wasukuma vilevile. Yule ambaye kabila lake halina mwenzake hapa atakaa mwisho wa benchi kwa wiki kadhaa, akicheka utani asiouelewa. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu yeyote. Sisi wenyewe tumeyafanya, na baadhi yetu tumefanyiwa.

Ndiyo maana safari hii tumechagua kusimulia maisha ya mtu ambaye kwa kabila hakuwa na mwenzake popote katika nchi hii, lakini alikaa humu miaka 67 na kuzikwa humu. Ni Dokta Adrian Atiman, tabibu na katekista wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wengi tumelisikia jina lake kwa sababu ya Atiman House, nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam. Wachache tunajua aliyeitwa kwa jina hilo alikuwa nani.

Kutekwa na kukombolewa

Atiman alizaliwa katikati ya miaka ya 1860 katika kijiji cha Tundurma, kwenye Mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, nchi ambayo leo tunaiita Mali. Watu wake walikuwa Wasonghai. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi alipotekwa na Watuareg, watu wa jangwani waliofanya biashara ya watumwa. Akauzwa, kisha akavushwa jangwa la Sahara hadi Metlili, kusini mwa Algeria. Huko, mwaka 1876, akaonwa na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Wakalipa fedha, wakamchukua.

Hapa tusipite haraka. Sisi tumezoea kusema kwamba wamisionari walimkomboa, na ni kweli. Asingekombolewa, pengine angemaliza maisha yake katika shamba au nyumba ya tajiri fulani, na leo hakuna ambaye angejua kwamba aliwahi kuishi. Lakini tujaribu kulitazama jambo hilo kwa macho ya mtoto. Kwa mara nyingine fedha zilihesabiwa mbele yake, na kwa mara nyingine akaondoka na watu asiowajua. Hakuna aliyeweza kumrudisha kwa mama yake. Njia ya kwenda Timbuktu ilikuwa mikononi mwa watu wa aina ya wale waliomteka, na mwaka huohuo wa 1876 mapadre watatu wa shirika hilo waliojaribu kuifuata waliuawa jangwani. Kwa hiyo mtoto alipata uhuru wake bila kupata kwao. Mambo haya mawili yote ni ya kweli, na maisha yake yote aliishi nayo pamoja.

Masomo ya Malta

Kardinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyeanzisha shirika hilo mwaka 1868, alikuwa na wazo ambalo kwa wakati ule si wengi walikuwa nalo. Aliamini kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Akaona kuwa Mwafrika aliyesomea utabibu atapokelewa katika kila nyumba, kwa kuwa kila nyumba ina mgonjwa. Mwaka 1881 akafungua chuo katika kisiwa cha Malta, ambako vijana waliokombolewa utumwani walisomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Malta na kufundwa kuwa makatekista. Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1882 akabatizwa na kupewa jina la Adrian.

Kardinali alitaka vijana hao wasigeuzwe kuwa Wazungu. Alitaka wabaki Waafrika katika maisha yao ya kila siku, ili watakapofika kwa watu wasionekane wageni. Ni wazo la hekima, lakini lina swali ndani yake: Waafrika wa wapi? Kijana wa Kisonghai kutoka Mto Niger alipangiwa kwenda Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa bara, kwa watu ambao hakujua lugha yao, vyakula vyao wala mila zao. Mtu aliyetazama kutoka Ulaya aliona rangi moja. Kwa Mbende wa Karema, huyu kijana angekuwa mgeni kama Mfaransa, ila kwa rangi ya ngozi tu. Tunalitaja hili kwa sababu hata leo kosa hilo tunalifanya kwa pande mbili. Wengine hudhani kuwa rangi moja inatosha kuwafanya watu ndugu. Wengine hudhani kuwa kabila tofauti linatosha kuwafanya watu wasiwe ndugu. Maisha ya Atiman yanakanusha yote mawili.

Njia iliyopita kwetu

Mwaka 1888, baada ya masomo, Atiman alifika Zanzibar. Huo ndio mwaka ambao Papa Leo XIII aliandika barua kwa maaskofu wa Brazil kuhusu utumwa, na Kardinali Lavigerie akaanza kuzunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara hiyo. Ndio mwaka pia ambao watu wa pwani, chini ya Abushiri, waliinuka kupigana na Wajerumani.

Kutoka pwani kwenda Tabora na kuendelea hadi Ziwa Tanganyika, misafara ilivuka nchi ambayo leo ni mkoa wetu wa Singida. Ilipita Ugogo, ambako watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu wapitao kuchota maji. Ikapanda mlima upande wa Kilimatinde, ikaingia katika pori la Mgunda Mkali, lile pori kavu lenye vichaka vilivyosongamana ambalo leo gari moshi linalikata kutoka Manyoni kwenda Itigi. Wapagazi waliliogopa pori hilo kwa kiu na njaa. Njia hiyohiyo ndiyo iliyoshusha pembe za ndovu na watumwa kutoka bara kwenda pwani.

Tufikiri, basi, juu ya kijana mwenye miaka ishirini na kitu, aliyewahi kuvushwa jangwa akiwa bidhaa, anatembea sasa katika njia ya watumwa akielekea upande usio wa watumwa, amebeba dawa. Wenyeji wetu wa wakati ule waliokutana na misafara ya namna hiyo waliona wapita njia tu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kujua kuwa miongoni mwa wapita njia alikuwemo mtu wa namna ile.

Miaka 67 ya Karema

Mwanzoni mwa mwaka 1889 akafika Karema. Mahali hapo palianza mwaka 1879 kama kituo cha Wabelgiji, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Waliokaa kuzunguka misheni hawakuwa Wabende peke yao. Walikuwemo watu waliokombolewa na waliokimbia, kutoka huku na huku, watu ambao koo zao zilikuwa zimevunjwa na vita vya watumwa. Atiman alikuta kijiji ambacho wengi wao, kama yeye, hawakuwa na mahali pa kurudi.

Akaoa huko. Mke wake alikuwa Agnes Wansahira, binti wa nyumba ya utemi ya Wabende. Tunaojua desturi zetu tunaelewa uzito wa jambo hilo. Mtu asiye na ukoo, asiye na baba wa kumpeleka kuposa wala wajomba wa kumsemea, alipokelewa katika ukoo ambao ardhi ilikuwa yao. Mtoto wao Yosefu baadaye akapata daraja takatifu ya upadre. Hivyo jina la kijiji cha mbali cha Mto Niger likaingia katika Kanisa la Karema kwa damu pia.

Kazi yake ilikuwa ya kila siku na haikuwa na makelele. Asubuhi alitibu vidonda, homa na meno. Ulipozuka ugonjwa wa ndui, alitibu ndui. Malale iliposhambulia kando za Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwepo. Aliitwa usiku, akaenda kwa miguu, na kwa wagonjwa waliokuwa wanakufa alikuwa katekista kabla ya kuwa tabibu. Hakuwa padre wala bruda. Alikuwa mlei mwenye mke na mtoto, na tunapenda waseminari wenzetu walikumbuke hilo, maana mara nyingine tunaongea kana kwamba Injili imebebwa na makasisi peke yao.

Huku nyuma watawala walipishana. Alifika wakati Wajerumani hawajaushika mkoa ule sawasawa. Akawaona wakitawala, akaiona vita ya 1914 hadi 1918 ikiwaondoa, akawaona Waingereza. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ile tangu 1891, alifariki mwaka 1917. Mapadre wengi walifika, wakafanya kazi, wakafa au wakarudi kwao. Atiman hakurudi. Mwaka 1946 masimulizi yake juu ya maisha yake mwenyewe yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na watu wa mbali wakaanza kumfahamu. Mwaka 1956 akafariki Karema, miaka mitano kabla ya Uhuru. Ardhi iliyompokea akiwa mgeni ndiyo iliyomzika akiwa mzee wa kijiji.

Tunalojifunza

Je, Atiman alikuwa Msonghai au Mbende? Jina lake linatusaidia. Kanisa lilimpa Adrian, naye akalipokea. Lakini lile la Atiman, alilokuja nalo kutoka utotoni, hakulitupa. Alikuwa mtu wa Karema bila kukana kwamba alikuwa mtoto wa Niger. Hakuna aliyemtaka asahau alikotoka ndipo apokelewe, na yeye hakutumia alikotoka kama ukuta wa kujificha.

Wahenga wametuachia neno la kumkaribisha mgeni siku mbili na siku ya tatu kumpa jembe. Mara nyingi tunalisema kwa utani, kumfukuza mgeni aliyezidisha siku. Lakini tukilitazama vizuri, jembe ni heshima. Anayepewa jembe amepewa sehemu ya shamba. Atiman alipewa jembe lake, nalo lilikuwa dawa na katekisimu, na kwa jembe hilo akawa mwenyeji.

Hapa Singida tuna sababu ya pekee ya kulifikiri hili. Katika wilaya moja ya Mkalama tu wanaishi Wanyiramba, Wanyisanzu, Wairaqw, Wadatooga na Wahadzabe, na lugha zao hazina hata asili moja. Ni sehemu chache sana barani Afrika ambako mtu anaweza kusikia tofauti kubwa hivyo katika mwendo wa siku moja. Hata hivyo ndugu zetu Wadatooga mpaka leo tunawaita Wamang'ati, neno la Kimaasai lenye maana ya adui, na tunalitamka bila kushtuka, hata tukiwa tumetoka Misa. Wahadzabe, ambao wamekuwa katika nchi hii kabla ya wengi wetu, tunawazungumzia kama vile wao ndio wamepotea njia. Mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake anaitwa wa kuja hata baada ya watoto wake kuzaliwa hapa.

Nchi yetu imewahi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia kwetu, na sehemu kubwa yao wakapewa ardhi Katumba na Mishamo, katika mkoa wa Katavi, uleule yalipo makaburi ya Karema. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Serikali inaweza kutoa cheti. Kumfanya mtu ajione yuko kwao ni kazi ya jirani, ya parokia, ya jumuiya ndogondogo, na ya mseminari anayesogea kwenye benchi.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba ubatizo umeondoa utengano kati ya Myahudi na Myunani, kati ya mtumwa na mtu huru. Hakuwaambia waache kuwa Wayahudi au Wayunani. Aliwataka wawe wamoja. Nasi tumekubaliana jambo dogo: mgeni akifika mwaka ujao, tutamuuliza jina lake kwanza, na jioni hiyo atakula katikati yetu. Mengine atatueleza mwenyewe, akipenda.

Tumwombee Dokta Adrian Atiman na mke wake Agnes pumziko la amani, na tuwaombee wote walio mbali na kwao usiku huu.